Asilimia Mia na Sabini na Tano

Ukitaka kumuudhi Mama Mizani, mwambie hajui hesabu. Mwambie ni mfupi, atacheka. Mwambie ana maneno mengi, atakuongezea mengine. Lakini hesabu usiguse. Alikuwa mmoja wa wakandaji wakuu wa kiwanda cha mikate kwa miaka kumi na tisa, na hilo jina la Mizani hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa zamu ya alfajiri, siku mizani ya kiwanda ilipokufa ghafla naye akakata madonge mia mbili kwa mkono mtupu. Mizani ilipotengenezwa, wakayapima. Hakuna donge lililozidi wala kupungua zaidi ya gramu tano. Wala sitii chumvi, limeandikwa kwenye daftari la zamu na anayetaka akasome.

Basi fikiria uso wake siku barua ilipobandikwa kwenye mlango wa stoo ya unga. Wakandaji wakuu wote wanne, ilisema barua, watafanya mtihani wa hesabu, ule ule unaofanywa na wasimamizi wa viwanda vingine: maswali ishirini ya uwiano na asilimia, dakika arobaini, mengi yakiwa ya kuchagua A, B, C au D. Atakayepata chini ya kumi na nne ataondolewa kwenye mashine na kupelekwa kufungasha mikate. Mtihani ungefanyika baada ya wiki tatu. Chini ya barua kulikuwa na nakala za karatasi ya mfano, kila mtu achukue yake.

Kufungasha si kazi mbaya. Lakini mtu aliyekwisha kuwa mkandaji mkuu, anayeitwa kila donge likigoma kuumuka, ukimweka mwisho wa ukumbi akatie mikate kwenye mifuko, umemvua nguo mbele ya watu. Wote wanne walilijua hilo, na kwa kuwa walilijua, waliamua kucheka.

"Mimi nilianza kukanda kabla huyo mtunga mtihani hajaota meno," alisema Fundi, mkongwe wao, mzee wa miaka hamsini na nane mwenye mikono mipana. Ndiye aliyemfundisha Mama Mizani kazi, alipokuja kiwandani kama mfagiaji asiyejua kutofautisha hamira na chumvi. "Mtihani wa asilimia! Tunakula asilimia, tunalala na asilimia. Hatusomi kitu hapa."

"Hatusomi kitu," waliitikia wale wawili wengine.

"Hatusomi kitu," alisema Mama Mizani kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akaikunja nakala yake, akaitia mfukoni mwa aproni na kwenda nayo nyumbani.

Saa kumi jioni aliikalia pale mezani, akaimaliza kwa nusu saa, akaridhika. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alimpelekea wifi yake aisahihishe kwa sababu moja tu: alitaka wifi aone.

Huyu wifi, dada mdogo wa mumewe, alikuwa mwalimu wa darasa la saba, nyumba yake ya pili kutoka hapo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwatayarisha watoto kwa mitihani, na alikuwa na ile tabia ya walimu ya kusahihisha hata orodha ya sokoni. Wawili hawa walipendana kwa namna ya mawifi, yaani kila mmoja alihesabu makosa ya mwenzake na kuyatunza vizuri. Mume wa Mama Mizani alikuwa katikati yao, na alikwisha jifunza kwamba pale katikati ni mahali pa kunyamaza.

Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu bila huruma.

"Nane," alisema.

"Nane nimekosa?"

"Nane umepata, wifi."

Mama Mizani alihisi masikio yakimwaka moto. "Rudia kusahihisha."

Mwalimu alirudia. Ikawa nane ile ile. Kisha akaweka kidole kwenye swali la tatu. Darasa lilikuwa na wavulana arobaini na wasichana kumi; wasichana ni asilimia ngapi ya darasa? Mama Mizani alikuwa amezungushia ishirini na tano.

"Wanafunzi wote hamsini," alisema Mwalimu. "Kumi kwa hamsini ni ishirini."

"Kumi kwa arobaini ni ishirini na tano."

"Kwa nini arobaini?"

"Si ndiyo kubwa?"

Mwalimu alimtazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Akaenda kwenye swali la sita, ambalo halikuwa na majibu ya kuchagua. Kulikuwa na mbuzi na kondoo arobaini na wanane, uwiano wa mbuzi kwa kondoo ukiwa tano kwa tatu. Kondoo ni wangapi? Mama Mizani alikuwa ameandika ishirini na nane nukta nane.

"Wifi," alisema Mwalimu kwa upole uliouma kuliko ukali, "huyo kondoo wa ishirini na tisa, yuko wapi? Bado anazaliwa?"

Mumewe, aliyekuwa akipita na kikombe, aligeuza njia.

Siku nne walipigana hivyo. Mwalimu alieleza, Mama Mizani akatikisa kichwa kwamba ameelewa, halafu akipewa swali jipya anarudi kule kule. Kibaya zaidi ni kwamba jibu lake karibu kila mara lilikuwepo pale, kwenye B au C, limekaa linamsubiri. Siku ya tano Mwalimu aliweka kalamu chini na kusema maneno ambayo angeyajutia.

"Wifi, labda hesabu si za kila mtu."

Mama Mizani aliinuka. Alikwenda kwenye ndoano ya aproni, akatoa kadi ngumu yenye alama za vidole vya unga, akaitupa mezani. "Hii ndiyo mikate yetu. Kadi hii naifuata kila alfajiri. Kama sijui asilimia, mnakula nini kila siku?"

Mwalimu aliisoma kadi. Unga 100. Maji 60. Sukari 8. Mafuta 4. Chumvi 2. Hamira 1. Zote zilikuwa na alama ya asilimia. Kama kawaida yake alianza kujumlisha, na kama kawaida yake alikunja uso.

"Mia na sabini na tano. Nani ameandika upuuzi huu? Asilimia hazipiti mia!"

"Upuuzi huo ndio ulioupaka siagi asubuhi."

"Lakini wifi, kitu kizima ni mia. Huwezi kuwa na donge la asilimia mia na..." Mwalimu akakatika. Akaitazama kadi tena, safari hii polepole, kidole chake kikitembea kutoka kwenye unga kwenda kwenye maji. "Mia ni unga," alisema. "Siyo donge. Unga peke yake."

"Sasa mia iwe nini tena? Unga ndio mwenye nyumba. Wengine wote wanapimwa kwake. Ukimwaga kilo mia za unga, maji kilo sitini. Ukimwaga hamsini, maji thelathini."

"Na kwenye darasa langu la wavulana arobaini..."

"Wavulana ndio unga," alisema Mama Mizani, naye akayasikia aliyoyasema.

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na Mama Mizani, aliyetaka sana kukasirika, akashindwa akacheka naye. Miaka kumi na tisa mikono yake ilikuwa imemfundisha kwamba kile kilicho kingi ndicho mia, na kila alipokutana na kundi la watu, mbuzi au lita, mikono ilikimbilia kutafuta unga. Walichomfundisha kiwandani kilikuwa sahihi kabisa. Mtihani tu ulikuwa na mwenye nyumba mwingine.

"Wifi," alisema Mwalimu akijifuta macho, "nimesema vibaya. Wewe si mjinga."

"Najua. Nilikuwa nasubiri wewe ujue."

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Kabla ya kugusa namba yoyote, Mama Mizani alitakiwa kupigia mstari maneno yanayotaja mia ni nani: darasa lote, tangi likiwa limejaa, idadi ya mwaka jana. Mwalimu alimrushia maswali akiwa anafua, akiwa anachambua mchele, hata dirishani akipita kwenda kazini. "Wifi! Wafanyakazi wameongezeka kutoka hamsini hadi sitini! Mia ni nani?" Naye anajibu kwa sauti ya mtaa mzima, "Hamsini! Wale wa zamani!" Majirani walidhani ni mchezo wa bahati nasibu.

Kiwandani hakusema neno. Wale watatu waliendelea kuucheka mtihani, naye akacheka nao. Kuna siku Fundi alimwonyesha karatasi yake ya mfano, ameijaza yote kwa kujiamini, na Mama Mizani alipoitupia jicho moja aliona mia zote ziko kwenye unga. Mdomo ulifunguka. Lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba amesoma, na kwamba yeye, Mama Mizani mzima, alipata nane. Akaufunga. "Iko vizuri, Fundi," alisema, na usiku huo chakula hakikumpita vizuri.

Siku ya mtihani waliketi wanne kwenye chumba cha mikutano, meneja mlangoni, saa ukutani. Swali la tisa lilikuwa la donge lenyewe: unga kilo arobaini, maji kilo ishirini na nne, vingine kilo kumi na sita, maji ni asilimia ngapi ya donge lote? Sitini ilikuwa kwenye D. Sitini yake, namba aliyoijua kuliko tarehe ya kuzaliwa. Alipiga mstari chini ya maneno "donge lote", akajumlisha themanini, akazungushia thelathini. Mkono ulikataa kidogo, akaulazimisha.

Matokeo yalikuja Jumatatu. Meneja alimwita ofisini akiwa anatabasamu.

"Kumi na tisa, Mama. Umeongoza, umepita hata wasimamizi wengi wa nje. Lile moja la tangi ndilo lililokuponyoka." Kisha akashusha sauti. "Wenzako wameanguka. Nane, tisa, kumi. Asilimia sabini na tano wameshindwa! Inasikitisha, lakini bora tumejua. Kuanzia wiki ijayo wanakwenda kufungasha."

Alikuwa ameingoja furaha hiyo kwa wiki tatu. Ilikuja, ikakaa kifuani muda wa kuvuta pumzi mbili, halafu ikageuka. Aliona mikono mipana ya Fundi ikihangaika na mifuko laini ya mikate. "Naomba kuona majibu yao," alisema.

Meneja alisitasita, akampa. Mama Mizani alipitisha kidole. Swali la tatu, wote watatu C. La saba, wote watatu B. La tisa, wote watatu D. Maswali tisa hivyo, herufi ile ile.

"Wameigiliziana?" aliuliza meneja akikunja uso.

"Njoo nikuonyeshe walikoigilizia."

Akamtoa ofisini, wakapita katikati ya mashine mpaka kwenye ubao wa ukumbi wa kukandia, ambako kadi ile ile imeandikwa kwa herufi kubwa na chini yake kuna saini.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu. Naitia kila mwezi."

"Zijumlishe hizo asilimia."

Meneja alijumlisha kutoka juu kwenda chini. Kisha akajumlisha kutoka chini kwenda juu, labda namba zina njia ya kupanda na ya kushuka. Mashine mbili zilikuwa zimezimwa, na watu wakaanza kusogea.

"Mia na sabini na tano," alisema. "Kuna kosa."

"Hakuna kosa. Hapa unga ndio mia, na vingine vyote vinapimwa kwa unga. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo unavyotia saini, ndivyo mikate inavyotoka. Hawa watu hawakushindwa asilimia. Wamejibu kama kiwanda chako kilivyowafundisha, na mtihani ulikuwa unauliza mia nyingine. Ni kitu cha kumweleza mtu kwa jioni moja, halafu akifanyie mazoezi."

"Na wewe ulijuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fundi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, mikono nyuma.

"Nilifundishwa," alisema Mama Mizani. "Na wifi yangu. Mara ya kwanza nilipata nane." Akamgeukia Fundi. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Karatasi yako niliiona, nikakwambia iko vizuri. Niliona haya kusema nimepata nane, nikawaacha mwanguke. Nisameheni."

Mashine moja tu ilikuwa ikizunguka.

"Nipe siku kumi," alimwambia meneja. "Wafanye karatasi nyingine."

"Sheria inasema mara moja. Nikiomba wapewe nafasi ya pili, nitaulizwa. Na wakianguka tena?"

"Wakianguka, na mimi nakwenda nao kufungasha." Meneja akakubali.

Jioni hiyo alimweleza wifi yake, akitarajia mvua ya maneno. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Umeweka kazi yako rehani kwa ajili ya watu waliosema hawasomi kitu," alisema.

"Nami nilisema hivyo hivyo."

Mwalimu alichukua mkoba wake na kuanza kuhesabu chaki. "Kesho mnatoka saa nane, siyo? Nitakuja."

Walifundishia kwenye chumba cha mapumziko, wanafunzi wakiwa wamekalia viroba vya unga. Siku ya kwanza Fundi alikaa ameupa ubao mgongo. "Nifundishwe na mtu niliyemfundisha kushika ufagio?" alisema ukutani.

"Fundi," alisema Mama Mizani, "siku niliyotia chumvi kwenye ndoo ya hamira, ulinicheka muda gani?"

Ukuta ulifikiri. "Siku nzima."

"Na kesho yake?"

"Nikakuonyesha."

"Basi leo ni zamu yangu ya kukucheka, na kesho nitakuonyesha. Au ukitaka tuanze moja kwa moja na kesho."

Mzee aligeuka, shingo upande.

Mwalimu alikuwa hodari ubaoni, lakini Mama Mizani ndiye aliyejua pa kuwashika hawa. Alikata madonge manane ya ukubwa mmoja, akayapanga mezani, matano huku, matatu kule. "Mbuzi hawa. Kondoo hawa. Wote pamoja arobaini na wanane. Kila donge lina wanyama wangapi?" Wakatazama madonge. "Sita," alisema mmoja. "Kondoo?" "Kumi na wanane," wakasema wote, wakashangaa ilivyokuwa rahisi. Aliyasukuma madonge yote katikati kwa viganja viwili. "Hii ndiyo mia ya mtihani. Mpaka uyakusanye yote." Mwalimu, kwenye kona, aliandika hilo la madonge kwenye daftari lake mwenyewe. Mama Mizani alimwona, na alitembea nusu futi juu ya sakafu siku nzima.

Siku ya kumi waliingia mtihanini, karatasi mpya, watatu. Yeye alibaki nje kwenye mashine. Donge la siku hiyo alilikanda kupita kiasi, mara ya kwanza kwa miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Matokeo yaliposomwa, ukumbi mzima ulisimama. Meneja aliita jina la kwanza: kumi na sita. La pili: kumi na nne, juu ya mstari kabisa, na mwenyewe akakaa chini sakafuni. Kisha meneja akafungua karatasi ya Fundi, akaisoma kimya kwanza, jambo ambalo si la kumfanyia mtu mwenye roho mkononi.

"Kumi na saba," alisema.

Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele. Mama Mizani alishika ukingo wa mashine. Wote wanne walikuwa wamebaki. Fundi alikuja polepole mpaka mbele yake, uso umekaza kama anadai kitu.

"Wewe ulikosa swali moja," alisema. "Lipi?"

"La tangi. Limepungukiwa asilimia ishirini ya maji, uliongeze asilimia ngapi ya yaliyobaki lijae tena. Nilikimbia, nikasema ishirini."

"Ni ishirini na tano."

"Sasa najua. Mwalimu alinieleza baadaye. Lakini hatukuwafikisha huko, siku ziliisha."

"Lilikuja tena safari hii. Nimelipata," alisema Fundi. "Hakuna aliyenifundisha. Mimi nilikaa tanurini miaka kumi na moja kabla ya kupewa kukanda. Mkate unapoteza uzito kwenye moto, na ukitaka kuurudisha, unaupima kwa mkate uliobaki, ambao umekuwa mdogo. Kwa hiyo asilimia lazima iwe kubwa kuliko ile uliyopoteza. Kila mtu wa tanuri anajua." Akainama kidogo, uso wake karibu na wake. "Mama Mizani, nimekushinda swali moja."

Ndipo uso ule ulipofunguka. Mzee alicheka kicheko kikubwa, akageuka na kuanza kuwatangazia ukumbi mzima, mtu mmoja mmoja, kwamba amempiga Mama Mizani kwenye hesabu, kwamba swali lililomshinda mwenzake, yeye amelipata. Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo kiwandani akaachwa salama. Mama Mizani alimtazama akizunguka kutoka mashine hadi mashine, na fahari ikamjaa kifuani mpaka machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na unga.